Taa nyingi za bandari si usalama

Waendesha boti wengi wa starehe huamini kwamba ugumu wa usiku uko bahari kuu, na kwamba ukishaona mwanga wa bandari umefika salama. Mambo ni kinyume. Mbali na nchi kavu taa moja huonekana peke yake; karibu na bandari humezwa na taa za gati, kreni, magari na majengo. Boya jekundu linalomweka hupotea kirahisi mbele ya taa za barabarani.

Meli nazo hupotea vivyo hivyo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, zinazitaka ziwashe nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe mlingotini. Lakini watu husubiri kuona taa inayosogea, na hapo ndipo wanapoponzwa: chombo kinachokuja kugongana nawe mwelekeo unaomwona kutoka kwako haubadiliki, kwa hiyo taa yake hutulia kama ya nchi kavu. Ipime kwa dira, tena na tena. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, inakujia wewe.

Wala usitegemee ikupishe. Katika mlango mwembamba, chombo kisichofika mita 20, hata cha tanga, hakiruhusiwi kuzuia meli isiyoweza kupita salama nje ya mlango huo.

Kurunzi kali, ambayo wengine hujivunia, huzidisha tatizo. Macho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kioo cha simu tu hutosha kuyavuruga.