Bahasha ya Mgonjwa Anayekwenda Kutibiwa India

Ndugu wa mgonjwa wakija ofisini kwetu, ustawi wa jamii wa hospitali, huuliza kwanza habari za fedha: nauli, kitanda, upasuaji. Wana haki. Ila safari nyingi nilizoziona zikikwama zilikwama kwa karatasi, na mara nyingi kwa tarehe iliyoandikwa juu yake.

Anzeni na kadi ya njano. Ukitoka Dar es Salaam kwenda India, mara nyingi unaunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa, na India humdai cheti cha homa ya manjano msafiri aliyetoka au aliyepitia nchi zenye ugonjwa huo. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa Jumatatu ukapande ndege Ijumaa ni kazi bure. Baada ya hapo ni cha maisha, tangu Julai 2016, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Anayekwambia imekwisha muda ana kadi ya kukuuzia.

Kwa wagonjwa wa saratani hapa pana mtego. Chanjo hii ni ya virusi hai vilivyopunguzwa makali, hivyo mtu aliye kwenye tibakemia au dawa za kushusha kinga hachomwi hivi hivi. Mwenye miaka zaidi ya 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza naye amwone daktari kwanza. Asiyeweza kuchanjwa apewe barua ya msamaha wa kitabibu yenye sahihi na mhuri, nanyi muulize ubalozini mapema kama itapokelewa. Msindikizaji mzima wa afya hana kisingizio.

Kisha vielelezo vya ugonjwa. Ripoti ya CT scan iliyochapwa haitoshi; ombeni picha zenyewe kwenye CD. Kama kilikatwa kinyama kwa uchunguzi, nendeni maabara mkaombe bloku yake: kipande kidogo cha nta, kidogo kuliko kiberiti, ambamo kinyama kile kimehifadhiwa. Madaktari wa kule hupenda kukisoma upya wenyewe, na bila hicho mgonjwa anaweza kukatwa tena. Kibebwe kwenye mkoba wa mkononi, kisiachwe ndani ya gari lililopigwa jua. Nta ni nta.

Viza ya mgonjwa ni ya matibabu, na wasindikizaji wasiozidi wawili huombewa yao. Msiende na ya utalii. Barua ya mwaliko ya hospitali, kadi ya njano na pasipoti zisome jina moja, herufi kwa herufi. Zuhura na Zuhra nyumbani ni mtu mmoja. Kwa afisa wa uhamiaji ni watu wawili.

Linalosahaulika kabisa ni huku nyuma. Nani atapokea kodi ya nyumba, nani atasaini mtoto akihamishwa shule? Ndiyo kazi ya hati ya uwakilishi, karatasi inayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Iandikwe kwa mambo yanayotajwa moja moja, maana hati ya "kila kitu" ndiyo niliyoiona ikiuza viwanja. Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba mamlaka hayo hukoma mtoaji akifariki au akipoteza akili timamu. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mikataba, Sura 345. Akifariki, mwenye hati hana tena la kusaini, mambo yanahamia kwenye mirathi. Na kwa mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo, hati ya kusubiri mpaka azidiwe haitapatikana tena.

Kwa hiyo apelekwe kwa wakili akiwa bado anaketi na kueleza mwenyewe anachotaka. Wakili akiwaomba nyinyi ndugu mtoke nje kwanza, msikasirike. Huyo anajua kazi yake.