Idhini ya awali: maana yake pale taka hatarishi zinapovuka mpaka

Katika sheria ya kimataifa ya taka, idhini ya awali maana yake ni kwamba taka hatarishi haziondoki zilipo mpaka serikali ya nchi ziendako, na za nchi zitakakopita, ziwe zimeelezwa ni taka gani na zimekubali kwa maandishi. Uzito wote uko kwenye "kabla". Barua ya kukubali ikifika meli ikiwa imeshang'oa nanga, shehena hiyo imesafirishwa kinyume cha sheria, hata kama waliohusika wote walikuwa na nia njema.

Utaratibu huu umo katika kifungu cha 6 cha Mkataba wa Basel, makubaliano ya kimataifa kuhusu taka hatarishi zinazovuka mipaka, uliopitishwa Machi 1989 na kuanza kutumika Mei 1992. Chanzo chake ni machungu. Mwaka 1986 meli iitwayo Khian Sea iliondoka Philadelphia na tani zipatazo 14,000 za majivu ya tanuri la taka. Mwanzoni mwa 1988 ilimwaga takriban tani 4,000 ufukweni Gonaïves, Haiti, na karatasi zilisema ni mbolea. Mwaka huohuo, maelfu ya mapipa ya taka zenye sumu kutoka Italia yalikutwa Koko, Nigeria, yamerundikwa kwenye kiwanja cha mkazi mmoja. Waliopokea hawakuambiwa ukweli wa kilichomo, na hilo ndilo pengo ambalo fomu ya taarifa, inayotumwa kabla taka hazijaondoka, inakusudia kuziba.

Chukua mapipa 40 ya mafuta ya transfoma yenye PCB, kemikali zenye sumu. Fomu itayataja kwa kundi lake, Y10, na kueleza hatari yake, kiasi, aina ya mapipa, njia, bandari, na mtambo utakaoyateketeza. Mamlaka ya nchi yanakotoka huipeleka kwa wenzao. Nchi inayopokea ina majibu matatu: kukubali, pengine kwa masharti, kukataa, au kudai maelezo zaidi. Idhini peke yake haitoshi. Lazima pia uwepo mkataba kati ya msafirishaji na mwenye mtambo, unaotamka wazi kwamba taka zitashughulikiwa kwa njia salama kwa mazingira.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanasikia "siku 60" na kudhani zikiisha kimya kimya wanaweza kupakia. Siku hizo ni za nchi ya kupitia kujibu taarifa, na kimya chake huhesabika kuwa ruhusa pale tu ilipotangaza mapema kwamba haidai idhini ya maandishi. Nchi inayopokea haina mlango huo: isipojibu, mapipa yanabaki ghalani.

Anayesafirisha taka za aina moja mara kwa mara, kwa njia ileile na kwenda mtambo uleule, anaweza kuombewa idhini moja ya hadi miezi 12. Kila safari, hata hivyo, ina hati yake, nayo husainiwa na kila anayekabidhi au kupokea mzigo. Mwenye mtambo ana wajibu wa kuthibitisha mara mbili: kwanza kwamba amepokea, kisha kwamba amemaliza kuteketeza. Uthibitisho wa pili ndio wa kufuatilia bila kuchoka, kwa sababu mapipa yaliyopokelewa yanaweza kukaa uani mpaka yaanze kuvuja, na karatasi ya kupokea bado ikaonekana safi.

Udanganyifu mwingi uko kwenye jina la mzigo. Kompyuta mbovu huandikwa "vifaa vilivyotumika", ilhali hazijajaribiwa wala kufungashwa zisivunjike. Tangu 1 Januari 2025 taka zote za umeme, hatarishi na zisizo hatarishi, zinahitaji idhini ya awali. Plastiki zilizochanganyika au kuchafuka zilitangulia, 1 Januari 2021. Plastiki safi za aina moja zinazokwenda kurejelezwa zimeachwa nje. Kwa hiyo neno "plastiki" peke yake kwenye hati halimwambii ofisa wa forodha lolote: inabidi kontena lifunguliwe, na lifunguliwe hadi nyuma, maana robota safi hupangwa mlangoni.

Idhini iliyopatikana kwa uongo au hati za kughushi haihesabiki, na usafirishaji huo ni kosa la jinai chini ya Mkataba wa Basel. Kosa likiwa la msafirishaji au mzalishaji, nchi yake inatakiwa kuhakikisha taka zinarudishwa, au zinashughulikiwa kwa njia nyingine inayokubalika, ndani ya siku 30, isipokuwa nchi husika zikikubaliana muda mwingine. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa pale nchi hiyo inapoarifiwa, si kontena linapogunduliwa. Bandari iliyokamata mzigo Jumatatu na kuandika barua mwezi unaofuata imejipunja yenyewe mwezi mzima, huku mapipa yakizidi kupata kutu.