Kokoto za treni ya modeli hazishikilii reli

Wengi wanaotengeneza treni za modeli wanadhani kokoto zikiwa nyingi ndo reli inatulia, kisa wameona pale stesheni ya TAZARA Mbeya zimejaa kati ya mataruma. Kule sawa, treni ni tani na tani, kokoto zinagawa uzito, zinabana mataruma na kupitisha maji, na mvua ya Mbeya mnaijua wenyewe. Ila kwenye modeli ya HO, yaani 1:87 (ndogo mara 87 kuliko treni halisi), reli inashikwa na gundi au vimisumari, kokoto ni urembo tu jamani. Ukizijaza mpaka juu ya mataruma zinagusa ukingo wa gurudumu, behewa linaruka, halafu lawama inaenda kwa reli.

Na mabehewa yakiachana njiani usikimbilie kumwaga gundi, pima kwanza kimo cha kiungio, katikati yake iwe kama milimita 9.9 kutoka juu ya reli. Kikiwa chini, chomeka wosha nyembamba kati ya behewa na fremu ya magurudumu. Kile kiwaya kinachoning'inia chini ya kiungio kikigusa kokoto kikunje juu kidogo na plaizi, taratibu lakini.