Kaka anataka kumwoza binti kwa hofu ya vita: maswali na majibu

Swali: Kaka yangu alikimbia Goma, mashariki mwa Congo, na familia yake. Kanipigia simu hapa Buguruni, amepata mtu wa kumwoa binti yake wa miaka 15, anaomba baraka zangu. Nimjibu nini?

Mwambie hutoi baraka, ila usikate simu. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025, baba mwenye binti anaogopa ubakaji, na chakula nacho hakitoshi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wasyria waliokimbilia Jordan: mwaka 2011, katika asilimia 12 ya ndoa zao zilizosajiliwa, bibi harusi alikuwa chini ya miaka 18, kufikia 2013 ilikuwa asilimia 25. Vita viliwabana wazazi, na kaka yako anabanwa vivyo hivyo.

Basi usimgombeze, muulize nini hasa kinamsumbua. Kama ni chakula au kodi, ukoo uchange, hata kidogo kidogo kwa simu. Mahari italiwa iishe na binti atakuwa ameshaondoka. Kama ni usalama, pangeni analala wapi, na nani anamsindikiza kisimani na chooni usiku. Mkumbushe pia kuwa sheria ya Congo yenyewe imeweka miaka 18. Kisha omba kuongea na binti mwenyewe. Wewe ni shangazi yake, sauti yako kwenye posa ina uzito, na huenda hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Swali: Si bora awe na mume wa kumlinda?

Mume huyo anaweza kuuawa, kuchukuliwa na wapiganaji au kumtelekeza njiani. Na akimpiga au kumlazimisha kitandani, majirani watasema ni mambo ya ndani ya nyumba.

Swali: Mimba ya miaka 15 ina hatari gani?

Nyonga mara nyingi haijakomaa, mtoto anakwama. Uchungu pingamizi hutatuliwa kwa upasuaji, lakini barabara ikifungwa na mapigano, upasuaji utapatikana wapi? Mtoto anaweza kufia tumboni, na mama akiokoka anaweza kubaki na fistula, yaani tundu ukeni, akivuja mkojo mchana na usiku. Kifafa cha mimba nacho huwapata wasichana wadogo zaidi kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Fistula inatibika, hapa Dar, hospitali ya CCBRT, Msasani, huitibu bila malipo.

Swali: Je, kama ameshaingiliwa kwa nguvu?

Hesabuni saa. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi saa 120, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Muda ukiwa umepita, aende hospitali tu: kuna majeraha, magonjwa ya zinaa, na moyo wake.

Swali: Wakimleta Dar, si sheria yetu inaruhusu miaka 15?

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliandika hivyo. Katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Tena, mtu akimwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa hiyo mtafutie nafasi ya shule mapema. Ukisikia posa inaendelea kisirisiri, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.