Disketi za stoo: usifomati, na hata ukizifuta usizitupe

Tangu ofisi zianze kuhamia Mtumba, Mji wa Serikali hapa Dodoma, maboksi ya zamani yanafunguliwa, na sisi watu wa kumbukumbu tunaletewa disketi, zile flopi za inchi 3.5, na maneno ni yaleyale: "hizi zilishafutwa zote" au "hizi zimekufa, kompyuta imesema hazijafomatiwa". Jamani. Mara nyingi yote mawili si kweli.

Kile kisahani chembamba cha ndani kimepakwa sumaku pande zote mbili. Kila upande una traki 80, ni miduara iliyojitenga, sio mstari mmoja unaojizungusha mpaka katikati kama santuri, na kila traki imegawanywa sekta 18 za baiti 512. Piga hesabu: 80 mara 2 mara 18 ni sekta 2880, yaani baiti 1,474,560, ndio hiyo 1.44MB uliyozoea kuiona kwenye boksi.

Sasa mashine haijui kitu kinaitwa "barua ya mkurugenzi", inajua namba za sekta tu. Disketi ya DOS au Windows sekta yake ya kwanza inabeba maelezo ya disketi yenyewe, zinafuata 9 za jedwali la FAT, halafu 9 nyingine ambazo ni nakala ya jedwali hilohilo, halafu 14 za orodha ya majina (inabeba majina 224 basi, ndio maana wengine walikuwa wanaambiwa imejaa na nafasi bado ipo). Orodha inasema faili linaanzia sekta gani, FAT inasema ukitoka hapa nenda pale, ukitoka pale nenda kule, mpaka faili liishe, na sio lazima sekta hizo zifuatane.

Jumla hizo ni sekta 33, na zote zinaenea kwenye traki namba 0, ile ya nje kabisa, maana kwa pande mbili ina sekta 36. Hedi ya flopi, yaani kile kichwa kinachosoma na kuandika, inagusa kisahani chenyewe, kwa hiyo vumbi letu hili la Dodoma likiikwaruza traki hiyo moja kompyuta inakosa ramani, inakuuliza kama unataka kufomati, na traki 79 zilizobaki huenda ni nzima kabisa. Halafu mtu anabonyeza ndiyo! Ukifomati kikamilifu draivu inaandika upya traki zote, ukituletea hapo sisi tutaandika tu kwamba imepokelewa.

Kudiliti ni hadithi nyingine. Ukidiliti BARUA.DOC inabadilishwa herufi ya kwanza ya jina, na mnyororo wake kwenye FAT unawekwa sifuri, basi, maneno uliyoandika hayajaguswa. Programu ya kurejesha itakuonyesha ?ARUA.DOC, na kama sekta zilikuwa zimefuatana na hakuna kilichoandikwa juu yake linarudi lote. Kwa hiyo wewe unayetupa jalalani disketi ya mishahara eti ulishafuta, hujafuta kitu, na hayo ni majina ya watu, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Utaratibu ni huu na naomba ufuatwe kama ulivyo. Kwanza sogeza kile kidude cha pembeni mpaka tundu lake libaki wazi, WAZI, watu wengi wanafikiri likiwa wazi ndio inaandikika, ni kinyume chake. Usiichomeke popote. Ipe namba, iorodheshe na maandishi yaliyopo kwenye lebo hata kama hayaeleweki, orodha iwe nakala mbili, mkuu wa masijala asaini zote, moja ibaki kwake na moja ije na boksi. Boksi lisilo na orodha linarudi lilikotoka. Tunanakili sekta zote 2880 kama zilivyo kuwa faili moja, kazi ya kutafuta inafanyika kwenye nakala, disketi haiguswi tena.

Kuteketeza kumbukumbu ya umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, na kibali hakitolewi na mkuu wa stoo wala fundi kompyuta. Nani ataadhibiwa vipi sio la kitengo chetu kusema.

Zile kubwa za inchi 5.25 zinazopindika utaratibu ni huohuo, ila kulinda isiandikike unaziba lile pengo dogo la pembeni badala ya kuliacha wazi, na lebo usiiandikie kwa kalamu yenye ncha ngumu ikiwa imeshabandikwa, mgandamizo unafika kwenye kisahani.