Masomo ya insia katika chuo cha jamii, na kazi zinazotokana nayo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mazungumzo katika nyumba nyingi za Malindi na Lamu huelekea upande mmoja: uuguzi, kompyuta, umeme, hoteli. Mtoto akisema anapenda historia, lugha au dini, huulizwa atakula nini. Swali hilo ni la haki kabisa, maana karo hutoka kwa mzazi anayevua, anayeuza maandazi au anayelinda nyumba ya mgeni. Kwa hiyo linastahili jibu kamili. Kwanza tujue insia ni nini, na chuo cha jamii ni chuo cha namna gani.

Insia ni jumla ya masomo yanayomchunguza binadamu kupitia alichosema, alichoandika, alichojenga na alichoamini. Humo mna historia, lugha, fasihi, falsafa, masomo ya dini, sanaa na muziki. Sosholojia na siasa ni majirani zake, na katika vyuo vidogo hufundishwa pamoja bila mipaka mikali. Kazi kuu ya msomi wa insia ni kushika ushahidi wa maisha ya watu, kama barua, kaburi, shairi au maneno ya mzee, akaupima, akaueleza kwa wengine.

Chuo cha jamii ni chuo kilicho karibu na watu, chenye karo nafuu, kinachompokea aliyemaliza shule bila kumchuja sana na kumfundisha kwa miaka miwili hivi. Chimbuko lake ni Marekani. Chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianzishwa mwaka 1901 na kinahesabiwa kuwa cha umma cha kwanza cha aina hiyo. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivi vienezwe nchi nzima. Mwanafunzi wa insia huko husoma krediti 60 hivi (vipimo vya wingi wa masomo), akapata shahada ya miaka miwili, kisha akahamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki. Analala kwao, anafanya kazi mchana au usiku, na deni la masomo linapungua sana. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Skandinavia, na wazo lilikuwa lilelile la kumfuata mtu alipo.

Kenya hatuna chuo kinachoitwa rasmi chuo cha jamii. Kazi yake imegawanywa. Vyuo vya ufundi vya mashinani, ambavyo wengi bado wanaviita politekniki za vijiji, viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Juu yake kuna vyuo vya kadri, yaani vya ngazi ya kati, vya serikali na vya watu binafsi, vinavyotoa cheti na diploma chini ya sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013. Kwa kawaida mwenye C+ huomba shahada, mwenye C- huomba diploma, na mwenye D huanzia cheti. Humo hutakuta kozi iitwayo insia. Utakuta utembezaji watalii, uandishi wa habari, ustawi wa jamii, ukutubi na utunzaji wa nyaraka. Insia imo ndani ya kozi hizo, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayopitiwa mbio kuliko zote, ilhali ndiyo inayomtofautisha mhitimu mmoja na mwingine.

Mfano wa kwanza ni utembezaji. Twende Gede, mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu, kilomita 16 hivi kutoka Malindi mjini. Magofu yale yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, baada ya kuchimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Kuna kaburi pale ambalo kila mgeni hupelekwa kulitazama kwa sababu lina tarehe. Mtembezaji aliyekariri atasema, "Hili ni la mwaka 1399," kisha atasonga mbele. Aliyesoma vizuri atasimama. Ataeleza kwamba kilichoandikwa pale ni mwaka 802 wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu inayoanza kuhesabiwa mwaka 622. Kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Na kwamba ndiyo maana huwezi kuchukua 802 ukajumlisha 622 ukaridhika, maana utapata 1424 na utakuwa umepotea miaka 25. Ataongeza kwamba kaburi moja lenye tarehe humsaidia mwanaakiolojia kukadiria umri wa kuta zilizo jirani nalo.

Halafu mgeni atauliza lile swali la kila siku: watu wa hapa walikwenda wapi? Mji ulihamwa katika karne ya 17. Wengine wanataja maji ya visima kushuka, wengine mashambulizi ya Waoromo, wengine biashara kuhamia Mombasa chini ya Wareno. Mwanafunzi wa insia amefundishwa kutotoa jibu moja tamu. Humwonyesha mgeni dalili iliyopo kwa kila maelezo, na kumwambia palipo na uzito na palipo na kukisia. Watalii wanaolipa vizuri wanataka hilo, na wanaomba mtembezaji huyohuyo wakirudi.

Mfano wa pili ni kurekodi wazee, kazi inayoonekana nyepesi hadi uifanye. Mzee wa upande wa Kiunga anakwambia walihama kijiji "wakati wa Shifta". Hakupi mwaka. Ni juu yako kujua kwamba vita vile, vya waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa kati ya 1963 na 1967, kisha umuulize taratibu: uhuru ulikuwa umeshapatikana? Mtoto wako wa kwanza alikuwa amezaliwa? Mlihama kwa msimu gani, kusi au kaskazi? Kwa maswali matatu ya namna hiyo unaweza kuukaribia mwaka na msimu, bila kumtia mzee maneno kinywani. Ukirudi nyumbani unasikiliza sauti na kuandika neno kwa neno. Mzee wa Amu, yaani Lamu, akisema "ndia" (njia) na "mato" (macho), unaandika "ndia" na "mato". Ukimsahihisha kwa Kiswahili cha shuleni umeharibu ushahidi, kwa sababu lahaja inaonyesha anakotoka na aliyemlea.

Simulizi kama hizo zina kazi nzito. Kifungu cha 67 cha Katiba kinaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi mamlaka ya kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi, na familia nyingi za Pwani hazina karatasi ya kuonyesha zaidi ya kumbukumbu za wazee. Rekodi iliyofanywa ovyo haifai kitu mbele ya tume. Iliyofanywa kwa utaratibu, yenye jina, mahali, siku na ridhaa ya msemaji, inaweza kubeba madai ya kijiji kizima.

Sasa tuje kwenye kazi, na hapa nitakaa zaidi kwenye ile inayosahaulika: kuunganisha miradi na wananchi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari hiyo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na katika uamuzi huo haki za utamaduni na za mazingira za watu wa Lamu zilipewa uzito. Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira likafuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi mkubwa ulikwama kwa sababu watu hawakuelezwa wakaelewa wala hawakusikilizwa kwa njia inayotambulika kisheria.

Tangu hapo mwekezaji mwenye akili anajua anahitaji mtu wa kazi hiyo, na vijiji navyo vinahitaji wa kwao. Mtu huyo hupewa ripoti ya Kiingereza ya mamia ya kurasa. Huisoma yote, akatoa kurasa mbili za Kiswahili ambazo mvuvi wa Faza anaweza kusomewa akauliza maswali. Huitisha baraza kwa wakati ambao wavuvi hawako baharini, na huhakikisha wanawake wanasema, wala hawakai tu nyuma. Huandika kumbukumbu zinazotaja nani alisema nini, akazisoma tena mbele ya waliohudhuria kabla hazijatiwa saini. Ukitazama, kila hatua ni insia: kusoma, kufasiri, kusikiliza, kuandika kwa uaminifu. Mashirika ya uhifadhi, miradi ya wafadhili na idara za kaunti huajiri kwa kazi hii, mara nyingi kwa mikataba mifupi.

Lugha ni mlango mwingine. Malindi ina vijana wanaozungumza Kiitaliano kwa ufasaha, waliojifunzia ufuoni na hotelini. Ni mtaji mkubwa, ila kuzungumza hakutoshi kukupa kazi ya kutafsiri mkataba wa nyumba au cheti cha ndoa. Hapo panatakiwa sarufi, msamiati wa sheria na mazoea ya kuandika, na hayo hufundishwa darasani. Mahakamani nako, Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Mtu anayejua Kigiriama, Kipokomo au Kisomali pamoja na Kiswahili na Kiingereza safi ana nafasi katika mfumo huo.

Wapo pia vijana wa madrasa, ambao naona hawaambiwi thamani yao. Anayesoma Kiarabu na anayeweza kukisoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu ana ujuzi ambao watafiti wengi wenye shahada kubwa hawana. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kupiga picha ni mwanzo tu. Lazima mtu aeleze kila hati: nani aliinakili, aliinakili kwa ajili ya nani, iliwekwa wakfu wapi, pembeni pameandikwa nini na kwa mkono wa nani. Kijana wa Langoni au Mkomani akijifunza misingi ya utunzaji wa nyaraka juu ya elimu yake ya madrasa, anafaa makumbusho, maktaba na miradi ya utafiti. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kazi ya nyaraka zake haijaisha.

Redio za Pwani huchukua watangazaji na waandishi kutoka vyuo vya kadri, na mishahara ya mwanzo ni midogo. Ualimu una njia yake: chekechea ziko chini ya kaunti, walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, na diploma ya historia au ya utalii haikufanyi mwalimu mpaka usomee ualimu wenyewe.

Mzazi aelezwe ukweli wote. Cheti cha insia peke yake, bila ujuzi wa mkono, humweka mtoto kwenye foleni ndefu. Anayefanikiwa kwa kawaida huwa na somo lake pamoja na kitu kimoja anachoweza kukifanya Jumatatu asubuhi akiambiwa: kurekodi na kuhariri sauti, kupanga nyaraka kwenye kompyuta, kuandika pendekezo la kuomba fedha, kutafsiri. Kazi nyingi zitakuwa za mkataba katika miaka ya mwanzo. Nafasi za juu katika makumbusho au utafiti zitadai shahada, kwa hiyo diploma itazamwe kama ngazi ya kwanza. Vyuo vikuu vingi humpokea mwenye diploma, na vingine humpunguzia muda, lakini masharti hutofautiana chuo hadi chuo. Mwanafunzi aulize chuo kikuu anachokitaka kabla hajalipa karo ya diploma, asingoje amalize.

Kwenye chuo chenyewe kuna maswali ya kuuliza mlangoni. Je, kimesajiliwa na mamlaka ya mafunzo ya kiufundi, na kozi hii mahususi imeidhinishwa? Mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Mafunzo ya kazini hufanyika wapi, na je, chuo humtafutia mwanafunzi nafasi au humwachia ahangaike? Kozi ya utembezaji isiyowafikisha wanafunzi Gede wala Ngome ya Lamu, mimi nisingemshauri mtu ailipie. Nafasi za vyuo vya serikali huombwa kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hutolewa hata kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, jambo ambalo familia nyingi hulijua muhula ukiwa umeshaanza.

Na mwanafunzi aanze mapema kuweka jalada la kazi zake. Mahojiano mawili ya wazee yaliyoandikwa vizuri, tafsiri moja ya ripoti ya kaunti, maelezo ya kaburi moja au mlango mmoja wa kuchongwa yenye picha na vipimo. Anapokwenda kuomba mafunzo ya kazini kwenye makumbusho, jalada hilo alifungue mezani pamoja na barua ya chuo.