Picha nzuri haitokani na bei ya kamera

Wengi hapa Nairobi huamini kwamba bila kamera ya bei ghali, na bila safari ya Maasai Mara, huwezi kupiga picha yenye maana. Si kweli. Kinachobeba picha ni mwanga. Jiji letu liko karibu na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu utosini na macho ya mtu huzama kivulini. Basi nenda soko la Gikomba saa moja asubuhi. Jua bado limeinama, linapenya mvuke wa sufuria ya chai na kumwangaza mama anayesukuma chapati, mpaka unauona unga uliokwama kwenye kucha zake. Simu ya kawaida inatosha kabisa. Mimi hupita hapo kila siku, na mikono ile bado hunisimamisha.